Pilar, Guadalupe, Mercedes au Consuelo? Majina ya Kihispania yakipimwa kwa sikio la Kiswahili

Binti wa kaka yangu ameolewa Zaragoza, kaskazini-mashariki mwa Hispania, na mimba yake imeingia mwezi wa saba. Daktari kasema ni msichana. Tangu siku hiyo simu yangu haipumziki. "Shikamoo shangazi. Pilar au Guadalupe?" "Shangazi, Mercedes si lile gari?" Upande wa mume wanataka jina la kwao. Upande wa Tanga wanataka jina ambalo bibi zake mtoto wataliita bila kuuma ulimi. Nimemjibu vipande vipande kwa majuma matatu, na kwa kuwa si yeye peke yake aliyeolewa huko, nimeona niyapange majibu hayo hapa.

Kwanza kuna jambo ambalo orodha za maana za majina hulipita mbio. Mengi ya majina haya ni mkia wa jina jingine, na jina lenyewe ni Maria. Mhispania wa zamani hakumbatiza mwanawe Dolores. Alimbatiza María de los Dolores, Maria wa Mateso. Ndivyo ilivyokuwa kwa María del Pilar, Maria wa Nguzo, na María de las Mercedes, Maria wa Rehema. Katika ukoo ambamo kila msichana ni Maria, mkia ndio unaowatenganisha, na ukiita mkia tu kwa miaka mingi, Maria anasahaulika. Hajafutika lakini. Ukiangalia karatasi za Kihispania utakuta Mª mbele ya jina la mwanamke. Ndiye yeye, kafupishwa.

Kwa hiyo kamusi haikutoshi. Kamusi itakwambia pilar ni nguzo, na nani anataka mtoto aitwaye Nguzo? Inabidi ujue nguzo ipi, iko wapi, na watu wanaifanyia nini. Ukishajua hayo ndipo unaweza kutumia kipimo changu, ambacho ni cha uani: ligeuze jina liwe Kiswahili, liite kwa sauti kutoka jikoni, uone kama ungependa mtu aitike. Kwetu kipimo hiki hakina ugeni. Tunao akina Rehema, Faraja, Neema na Tumaini, na tunao akina Tabu na Shida ambao mama zao hawakuona haya kuweka hali ya uzazi kwenye jina la mtoto. Mswahili ana mlango wa kuingilia majina haya ambao Mwingereza hana.

Pilar na Guadalupe: majina ya mahali

Haya mawili ndiyo yanayogombana nyumbani kwa binti yetu, basi nayaweka pamoja.

Pilar ni Zaragoza yenyewe. Mapokeo ya pale yanasema kwamba mwaka 40 baada ya Kristo, Mtume Yakobo akiwa amekata tamaa kando ya mto Ebro, Bikira Maria alimtokea juu ya nguzo ya jiwe akamtia moyo. Nguzo hiyo inaonyeshwa hadi leo ndani ya basilika kubwa iliyo kando ya mto huo huo. Nilipokwenda kwenye harusi nilipelekwa kuiona. Juu yake kuna sanamu ndogo, haifiki sentimita 40, na nguzo karibu kila siku huvikwa joho. Ukizunguka nyuma kuna tundu la kubusia. Pale jiwe limebonyea kama kinu cha zamani, kwa midomo ya watu wa karne na karne. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja aliyeinama, akabusu, akapangusa kwa leso, akambeba mjukuu naye abusu.

Nje wanauza utepe wa rangi zote, uliokatwa kwa urefu wa sanamu. Utaukuta umefungwa kwenye vioo vya magari, kwenye mikoba, na kwenye vitanda vya wagonjwa hospitalini. Kwa hiyo ukimwita mtoto Pilar katika mji ule, unamwita kwa kitu kinachoning'inia kwenye teksi aliyopanda mama yake kwenda kujifungua. Sikukuu yake ni tarehe 12 Oktoba, ambayo pia ni siku ya taifa la Hispania. Watu hupanga foleni kwa saa nyingi kupeleka maua uwanjani, na kila Pilar hupigiwa simu za pongezi.

Kasoro yake kwetu iko kwenye kifupisho. Pilar nyumbani huwa Pili. Mama mkwe wa binti yetu ni Pilar, na wote wanamwita hivyo. Walipotambulishwa kwa simu ya video, mama yangu alikaza macho kwenye kioo akasema, "Kumbe na wao wana Pili! Huyo Mosi wake yuko wapi?" Tulicheka, lakini mama hakuwa anatania sana. Tanga, Pili ni mtoto wa pili. Mtoto anayekuja ni kifungua mimba. Mwite Pili halafu umlete likizo, uone kama hatapita jirani wa kwanza bila kuuliza, kwa upole na kwa huzuni, yule wa kwanza mlimzika lini. Na shuleni, Pilar atakuwa Pilau kabla ya wiki kuisha. Hilo la pili ni dogo, mtoto hukua nalo. La kwanza silipendi.

Guadalupe lina safari ndefu zaidi. Mwanzo wake ni mto wa jimbo la Extremadura, magharibi mwa Hispania. Sehemu ya mbele ni Kiarabu kitupu: wadi, neno ambalo Waswahili wa Oman wanalitumia kila mvua ikinyesha milimani. Waarabu na Waberberi walitawala sehemu kubwa ya Hispania kwa karne nyingi kuanzia mwaka 711, na mito ikabaki na majina yao. Guadalquivir, mto wa Sevilla, ni wadi al-kabir, mto mkubwa. Kipande cha nyuma cha Guadalupe kinabishaniwa. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba ni neno la Kilatini la mbwamwitu. Kando ya mto huo ilijengwa monasteri ya Bikira Maria, iliyokuja kuwa kituo kikubwa cha hija, na Columbus alikipa kisiwa kimoja cha Karibi jina hilo la Guadalupe mwaka 1493.

Lakini ukitaja Guadalupe leo, watu wengi hawawazi Hispania. Wanawaza Meksiko. Desemba 1531, miaka kumi tu baada ya mji mkuu wa Waazteki kuanguka, inasimuliwa kwamba Maria alimtokea Juan Diego, mwenyeji wa nchi, kwenye kilima cha Tepeyac, akasema naye kwa Kinahuatl, lugha ya kwao, na sura yake ikabaki kwenye joho la Juan Diego. Joho hilo liko kwenye basilika ya jiji la Meksiko. Mahujaji ni wengi kiasi kwamba chini yake umewekwa mkanda wa umeme unaowasogeza ili wasijazane. Sikukuu ni 12 Desemba. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo, awe wa kike au wa kiume, ana nafasi kubwa ya kuitwa Guadalupe. Ndiyo, hata wa kiume. Rais wa kwanza wa Meksiko alijiita Guadalupe Victoria. Mswahili hawezi kulishangaa hilo, sisi ambao Tumaini anaweza kuwa kaka au dada.

Na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwa mlango wa mbele. Kifupi cha Guadalupe ni Lupe, na ukimdekeza unasema Lupita. Lupita Nyong'o alizaliwa jiji la Meksiko mwaka 1983, wakati baba yake, Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Wazazi wakampa jina la nchi aliyozaliwa, wakaongeza la Kijaluo, Amondi. Walifanya kile ambacho wazee wetu wamefanya siku zote, kumwita mtoto kwa mahali au tukio lililomkuta. Tangu aliposhinda Oscar mwaka 2014 hakuna haja ya kumfundisha Mkenya au Mtanzania namna ya kutamka jina hilo. Bibi wa Tanga analiweza, na amelizoea.

Kile kiambishi -ita ni kizuri kukielewa. Kiswahili tukitaka kufanya kitu kidogo tunaweka ki- au ka-, na mara nyingi tunakuwa tumekidharau: kijitu, katoto. Mhispania akiweka -ita anakuwa amekumbatia. Lupita ni Guadalupe aliyepakatwa.

Nikiyaweka mezani mawili haya, kwa sikio la Tanga Lupita anashinda bila jasho. Kwa Zaragoza anashindwa. Pale mtu akisikia Guadalupe atauliza, "Mama yako ni Mmeksiko?" na mtoto atalijibu swali hilo maisha yake yote, akiwa tayari anajibu la rangi yake. Nilimwambia binti yetu wazi: usimpe mwanao maelezo mawili ya kutoa mlangoni kama moja linatosha.

Mercedes na Consuelo: majina ya tendo

Haya hayakufungwa na mji mmoja, na kwa kipimo cha uani ndiyo rahisi kuliko yote. Mercedes ni Rehema. Consuelo ni Faraja. Maana ikiwa ndiyo yote unayotafuta, hapo tungefunga mkeka.

Mercedes lina historia inayonigusa. Neno la Kilatini lilikuwa na maana ya ujira, kisha likawa fadhila, kisha huruma. Mwaka 1218, Barcelona, Pedro Nolasco alianzisha shirika la watawa wa Mama wa Rehema, kazi yao ikiwa kuwakomboa Wakristo waliotekwa na kushikiliwa katika nchi za Waislamu. Waliomba sadaka, wakalipa fidia, na nadhiri yao ya nne ilikuwa kubaki mateka badala ya mtu mwingine ikibidi. Huruma yenye bei na risiti, kwa maneno mengine. Barcelona bado inamsherehekea Mama huyo wa Rehema tarehe 24 Septemba, kwa Kikatalani wakimwita Mercè. Neno lile lile limejificha ndani ya "usted", wewe ya heshima ya Kihispania, iliyotoka kwa "vuestra merced", kama ungesema "fadhila yako".

Halafu kuna gari. Binti yetu anadhani jina la mtoto limeibwa kutoka kwenye gari, kumbe ni kinyume. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeuza magari ya Daimler, alikuwa na binti aliyezaliwa mwaka 1889 na aliyeitwa Mercédès nyumbani. Akayapa magari jina la mwanawe, na mwaka 1902 likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Kampuni ilipoungana na Benz mwaka 1926 yakawa majina mawili. Kwetu tulichukua la pili tukaacha la kwanza. Benzi ndilo gari, na Wabenzi ndio wale waliotajirika baada ya uhuru wakatupita na kutuachia vumbi. Ni kejeli kidogo: nusu ya jina ni rehema, na tukachukua nusu nyingine tukaifanya tusi la wakubwa.

Je, mtoto atataniwa? Tanga atataniwa, ndiyo, lakini ni utani wa kumpandisha. Hispania hakuna atakayeona gari. Pale Mercedes ni jina la shangazi na bibi, la mwimbaji Mwajentina Mercedes Sosa, na la malkia kijana aliyeolewa na Mfalme Alfonso XII Januari 1878 akafa Juni ya mwaka huo huo, akiwa na miaka 18. Vifupisho vyake ni Merche au Meche.

Consuelo linabeba hadhi ya utulivu, na lina kitu kinachowachanganya wengi: linaishia na -o. Mtu aliyejifunza Kihispania kidogo atadhani ni la kiume. Consuelo, Rosario, Amparo, Socorro, yote ni ya kike huko kwa sababu jina halisi ni Maria na huo ni mkia tu. Ukivuka kwenda Italia, lakini, Rosario ni mwanamume mwenye ndevu. Kama familia inahamahama, liangalieni hilo.

Ila kwa Mkatoliki wa Kenya au wa Iringa, Consuelo ana ndugu aliyekwisha hamia: Consolata. Ni mzizi mmoja, faraja ile ile, ila huyu alitoka Torino, Italia, na Wamisionari wa Consolata waliofika Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919. Akina Consolata wako tele huku, na kifupi chao ni Conso. Ukimwita mtoto Consuelo, bibi yake atasema Consolata tu, na hatakuwa amekosea sana. Hispania kwenyewe jina hili limezeeka. Ukiliita sokoni watageuka wanawake wenye mvi.

Dolores, na wale wa kupita haraka

Hapa nilitegemea kumkataza, nikajikuta nasitasita. Dolores ni Mateso, yale saba ya Maria, na sikukuu yake ni 15 Septemba. Kuna wanaoamini jina humfuata mwenyewe, na mama yangu ni mmoja wao. Lakini mashariki mwa Kongo kuna akina Mateso wanaocheka kuliko akina Furaha, na kwetu Tabu niliyesoma naye ndiye aliyekuwa na nyumba ya kwanza ya bati. Wanawake walioitwa Dolores hawakuwa wanyonge pia. Dolores Ibárruri, mwanasiasa wa kikomunisti, aliwasimamisha watu wa Madrid kwa "No pasarán", hawatapita, mwaka 1936. Dolores Huerta, aliyezaliwa mwaka 1930, alipigania vibarua wa mashambani California.

Kinachopendeza ni kwamba Wahispania wenyewe hawaliiti hivyo nyumbani. Wanasema Lola, na Lola limerudi kwa kishindo hata kwa vichanga. Mateso yameandikwa kwenye cheti, mdomoni ni wimbo. Jihadhari na hatua moja mbele tu: Lolita. Riwaya moja ya mwaka 1955, ya mtu mzima anayemtamani mtoto wa kike, ililichafua jina hilo dunia nzima, na halitasafishika.

Soledad ni upweke, ule wa Maria Jumamosi Kuu. Geuza, ita uani. Mimi nisingeita. Rocío ni umande, zuri kwa maana, ila c yake inawatesa wasiokulia Hispania. Esperanza ni Tumaini, na ukienda Burundi, Rwanda au Kongo utamkuta kwa Kifaransa, Espérance. Ni salama kwa kila upande, pengine salama mno.

Ikiwa nyumba ina dini mbili

Ukoo wetu una Agnes na una Fatuma, na wote wanakula Idi na Krismasi. Kwa nyumba za namna hiyo kuna jina moja ambalo naona halina mpinzani: Fátima. Mkatoliki wa Hispania anampa mwanawe jina hilo kwa ajili ya Bikira Maria aliyesimuliwa kuwatokea watoto watatu wachungaji katika kijiji cha Fátima, Ureno, mwaka 1917. Kijiji chenyewe kilipata jina kutoka kwa Kiarabu, lile lile la binti wa Mtume. Padri atalibariki na shekhe ataliitikia. Zaragoza litasomeka la Kikristo au la Kimoroko kulingana na anayesoma, Tanga litakuwa Fatuma tangu siku ya kwanza.

Almudena, la Madrid, nalo lina asili ya Kiarabu, al-mudayna, mji mdogo au ngome, yaani mdogo wake Madina. Inasimuliwa kwamba sanamu ya Maria ilikutwa imefichwa ndani ya ukuta wa ngome hiyo mwaka 1085, mji ulipochukuliwa na Mfalme Alfonso VI. Ni jina zuri, ila ni la Madrid kama mwewe alivyo wa angani. Mtu wa Zaragoza hatalichukua kirahisi.

Matamshi

Hapa Mungu katupendelea. Irabu za Kihispania ni zetu tano, a e i o u, na hazibadiliki. Mkazo nao, jina likiishia kwa irabu au s, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu: gwa-da-LU-pe, kon-SWE-lo, do-LO-res. Alama juu ya irabu ikionyesha kwingine, kama Fátima, fuata alama. Pilar na Soledad ndiyo yenye mkazo mwishoni, pi-LAR na so-le-DAD. Pilar bibi atalisema Pilari, na halitaharibika. Katika Mercedes, c ya Hispania ni th ya thelathini, ng'ambo ya Atlantiki ni s tu. Na d iliyo kati ya irabu hulainika ikaelekea dh ya dhahabu. Mzungu wa kaskazini huchukua miezi kuiweza, sisi tunaizaliwa nayo.

Alikofikia

Sheria ya Hispania inaruhusu majina mawili kwa mtoto, si zaidi. Nilimshauri wasitafute jina moja la kuridhisha bahari mbili. Wamekubaliana, mpaka jana jioni, kwa Pilar Rehema. Zaragoza ataitwa Pilar, zima, bila kukatwa. Pili hapana, na mama mkwe ameelezwa kwa nini. Alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaenda kununua utepe, wa zambarau. Tanga ataitwa Rehema, na mama yangu ameshaanza kulisemesha tumbo kwa jina hilo kupitia simu.

Kilichobaki ni baba mtu. Kwa Kihispania h haitamkwi kabisa, kwa hiyo anasema "Reema", kila mara, kwa kujiamini. Nimemwambia binti yetu amwandikie kwenye mlango wa friji: Rejema. J yao ina kikoromeo, atakaribia.